Barua ya wazi: Kanda za Arusha na Moshi zinahitaji chumba, mashine na fundi

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na sanaa. Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Arusha na Kilimanjaro. Mkurugenzi wa Jiji la Arusha. Mkurugenzi wa Manispaa ya Moshi. Na uongozi wa Makumbusho ya Taifa.

YAH: KUOKOA MUZIKI ULIOMO KWENYE KANDA NA SANTURI ZA MAJUMBANI

Waheshimiwa,

Somo tajwa hapo juu lahusika. Tunaomba vyumba viwili, kimoja Arusha na kingine Moshi, vyenye mashine nzima za kuchezea kaseti, kanda kubwa na santuri, fundi wa kuziendesha, na utaratibu wa kupokea mali za wananchi, kuzihamishia kwenye kompyuta na kuzirudisha kwa wenyewe zikiwa salama. Hatuombi jengo jipya. Arusha kuna Makumbusho ya Azimio pale kwenye Mnara wa Mwenge, Moshi kuna maktaba ya mkoa. Chumba kimoja chenye mlango unaofungika na dari zuri kinatosha.

Tunaandika sasa kwa sababu mali yenyewe inaondoka. Mzee anafariki, watoto wanakuja kutoka Dar au Mwanza, nyumba inasafishwa ndani ya siku tatu, na boksi la kaseti linaishia jalalani. Santuri nazo zinachukuliwa na wapambaji wa kumbi, zinatobolewa na kutundikwa ukutani. Ukiuliza, jibu ni lilelile: si nyimbo zote ziko mtandaoni siku hizi?

Haziko.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, redio ya ndani ya Tanzania Bara ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na studio zake ndizo zilizorekodi sehemu kubwa ya bendi za nchi hii. Nyimbo nyingi zilirekodiwa, zikarushwa hewani, na hazikutolewa kwenye santuri wala kaseti ya dukani. Msikilizaji wa Kaloleni au Majengo aliyetaka wimbo alikaa na redio kaseti yake, vidole juu ya kitufe cha kurekodia, akaunasa ulivyopita. Kwenye kanda hiyo utakuta pia sauti ya mtangazaji akitaja jina la bendi, salamu za wasikilizaji, pengine na saa ya taarifa ya habari. Kanda za namna hiyo hudharauliwa kwa kuwa ni nakala yenye mikwaruzo, lakini mara nyingi ndiyo nakala pekee iliyobaki nje ya ghala la redio, na maneno ya mtangazaji ndiyo yanayotuwezesha kujua wimbo ni wa nani na ulirushwa lini.

Kaskazini ina mambo yake pia. Ndugu Wilson na George Kinyonga, waliotoka Tanga, walipitia Arusha wakapiga muziki kwa jina la Arusha Jazz kabla ya kuvuka Namanga na kujulikana Nairobi kama Simba Wanyika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Moshi ilikuwa na studio ya Sauti ya Injili, iliyorekodi vipindi vya Kiswahili vilivyorushwa kutoka kituo cha Addis Ababa hadi kituo hicho kilipotaifishwa mwaka 1977. Baadaye Arusha ikawa mji wa hip hop, kundi la X Plastaz na wenzao wakichanganya mitindo ya mtaani na sauti za Kimaasai. Katikati ya hayo yote kuna kwaya za sharika na parokia zilizojirekodi zenyewe, ngoma za harusi na tohara, nyimbo za vibuyu vya mbege huko Kibosho na Marangu, na majaribio ya vijana wa Ngarenaro yaliyorekodiwa kwenye kaseti mbovu usiku. Mambo haya hayakuwahi kuwa bidhaa ya kampuni yoyote. Jukwaa la kutiririsha muziki hupandisha kile ambacho mtu mwenye haki amekileta. Kisicho na mtu wa kukileta hakitafika huko daima.

Hata kilichofika mara nyingi kimefika kikiwa kimeharibika. Nyimbo za zamani zilizopandishwa mtandaoni na watu wenye nia njema zilichezwa kwenye mashine zenye kasi isiyo sahihi. Mashine ikikimbia kwa asilimia 6, wimbo unapanda karibu nusu toni nzima: mwimbaji anasikika kijana kuliko alivyokuwa, na mpiga gitaa wa leo anayejifunza kwa kusikiliza anajifunza kwenye ufunguo ambao bendi haikuupiga. Wapigaji hawatajwi. Mwaka ulioandikwa ni mwaka wa kupandisha. Na mkataba ukiisha, wimbo unatoweka usiku mmoja, aliyeuzoea anabaki na jina tu kwenye orodha yake.

Hatupingi kutiririsha. Kunamfikishia kijana wa Usa River muziki wa dunia nzima. Kwa kiwango cha kawaida cha kilobiti 160 kwa sekunde, saa moja ya kusikiliza inakula takriban megabaiti 72 za bando, ambazo wengi wanazimudu. Lakini kuna namna ya kusikiliza iliyokuwa ndani ya kaseti na haimo kwenye simu. Kaseti ya dakika 60 ina upande A na upande B, dakika 30 kila mmoja. Kuruka wimbo ni kazi, kwa hiyo wimbo wa nne, ambao hukuununulia kanda, unausikia mpaka unaupenda. Redio iko mezani, nyumba nzima inasikia kitu kimoja, bibi anauliza huyo anayeimba ni nani na mjukuu anasoma kwenye karatasi ya kasha. Utamaduni huo unastahili mahali pa kuonekana na kusikika, na chumba tunachoomba kinaweza kuwa hapo pia, Jumamosi moja kwa mwezi milango ikiwa wazi.

Sasa tueleze kazi yenyewe, kwa sababu mambo haya yakifanywa vibaya ni afadhali yasifanywe.

Utepe wa kaseti una upana wa milimita 3.81 na hupita kwenye hedi, kile kichwa cha chuma kinachosoma sauti, kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde. Ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa chuma kwa gundi. Wa kaseti ya dakika 60 una unene wa takriban mikroni 18, wa dakika 90 takriban 12, na wa dakika 120 takriban 9 tu. Huo wa mwisho ndio unaojiviringa kwenye rola na kukatika, usichezwe kwenye redio ya kawaida hata mara moja. Kinachoanza kufa huwa si utepe. Hufa kipande kidogo cha sponji kilichobandikwa kwenye ulimi wa shaba, kinachousukuma utepe uguse hedi. Gundi yake hukauka, sponji inadondoka ndani, sauti inafifia na kuwa kama ya mtu aliyefunikwa blanketi, na mwenye kaseti anadhani muziki umefutika. Haujafutika. Ukifungua skrubu tano na kuhamishia utepe kwenye kasha zima, wimbo unarudi. Makasha yaliyogundishwa bila skrubu hupasuliwa taratibu kwenye mshono kwa kisu chembamba. Utepe uliokatika huungwa kwa utepe maalumu wa gundi wa kuungia kanda, kwa upande wa nyuma. Selotepu ya dukani kamwe: gundi yake inatoka kwa joto, inashikanisha mizunguko ya jirani, na kinachofuata ni kukatika upya mara tano.

Upande wa mashine, mpira ndio adui. Belti za redio na deki za miaka ya 1980 zimegeuka lami nyeusi inayonata. Husafishwa kwa pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kisha hufungwa belti mpya iliyo fupi kidogo kuliko njia yake, isikaze hadi mota ihangaike. Rola ya mpira inayobana utepe ikiwa ngumu na yenye kung'aa, utepe unapanda au kushuka, na hapo ndipo mashine inapokula kanda. Kasi hupimwa kwa kanda ya majaribio yenye mlio wa hezi 3,150: kipimo kikisoma 3,244, mashine inakimbia asilimia 3, na kuna tundu dogo nyuma ya mota la kurekebishia kwa bisibisi. Hedi husafishwa kila baada ya kanda chache, na huondolewa usumaku kwa kifaa chake.

Halafu kuna mwinamo wa hedi. Hapa ndipo tofauti ya fundi na mbabaishaji inapoonekana. Hedi ina skrubu moja inayoielekeza wima dhidi ya utepe. Kila redio iliyorekodi ilikuwa na mwinamo wake, kwa hiyo kanda iliyorekodiwa kwenye redio ya jirani ikichezwa kwenye deki nzuri kabisa inaweza kupoteza sauti zote za juu: matoazi yanakuwa mchanga, herufi "s" inapotea. Fundi huunganisha sauti ya kushoto na ya kulia ziwe moja, anageuza skrubu kidogo kidogo huku akisikiliza mpaka sauti za juu zifunguke, na anarudia zoezi hilo kwa kila kanda. Halimalizi dakika mbili. Asiyelifanya anahifadhi kivuli cha wimbo kwa miaka mia.

Kwa sababu hiyo tunawasihi jambo moja la manunuzi. Msinunue vile vichezeo vidogo vipya vya kaseti vyenye mlango wa USB, hata kama zabuni itavileta kwa bei ya chini. Gurudumu lake la ndani ni jepesi, kasi inayumba na noti ndefu ya tarumbeta inatetemeka, na hedi hairekebishiki kirahisi. Deki mbili za zamani zenye hedi tatu, zilizofanyiwa matengenezo kamili, zitafanya kazi ambayo vichezeo ishirini haviwezi. Zikitoka Japani zitakuwa za volti 100 na zinahitaji transfoma, kwani umeme wetu wa volti 230 utazichoma siku ya kwanza. Gramafoni iliyotoka Marekani yenye mota ya umeme wa hezi 60 itazunguka polepole kwa karibu asilimia 17 kwenye hezi 50 zetu mpaka ibadilishwe puli. Na kila mashine iwe kwenye betri ya akiba, kwa maana umeme ukikatika katikati ya wimbo, utepe unabaki umebanwa kati ya rola na chuma, unakunjamana.

Kanda kubwa za milimita 6.35, zilizotumika redioni na makanisani, zina hatari yake. Baadhi ya kanda za miaka ya 1970 na 1980 zina gundi inayonyonya unyevu. Ukizicheza zinalia kwa mlio mkali na kuacha ungaunga wa kahawia kwenye hedi, na huo unga ndio muziki wenyewe unaotoka. Hizo huokwa kwanza, kwa nyuzijoto kama 50 hadi 54, saa nane au zaidi, kwenye kifaa chenye joto lisiloyumba (siyo jiko la nyumbani), kisha hupoa na kuhamishwa ndani ya wiki chache kabla hazijarudia hali yake. Ila kanda za zamani zaidi, za asetati, haziokwi kabisa. Kuzitambua ni rahisi: inua gurudumu la kanda dhidi ya dirisha, mwanga ukipenya ubavuni ni asetati, ukizuiwa ni poliesta. Zikinuka siki, ziwekwe mbali na nyingine na zitangulizwe kwenye foleni.

Santuri za mizunguko 78 kwa dakika, zile nzito zinazovunjika kama kigae, husafishwa kwa maji yaliyokenekwa, yaani yaliyopatikana kwa kupoza mvuke, na tone la sabuni laini, lebo ikikaa kavu. Alkoholi inaziyeyusha. Sindano yake ni pana, mara tatu hadi nne ya ile ya santuri za mizunguko 33 na 45, na kutumia sindano moja kwa zote ni kosa tunaloliona kila mahali. Santuri ndogo za mizunguko 45 zilizotengenezwa Nairobi na kuchezwa baani mpaka zikachakaa bado zinaokoka: sindano yenye ncha tofauti kidogo hugusa sehemu ya mfereji ambayo ya zamani haikuila.

Kuhamisha kwenyewe ni hivi. Kanda inapigwa mbele hadi mwisho na kurudishwa, ili mizunguko iliyoshikana iachiane. Vijino viwili vya nyuma vya kasha vinavunjwa kwanza, ili hata mtu akibonyeza kitufe kibaya isifutike. Sauti inarekodiwa kwa sampuli 96,000 kwa sekunde na biti 24, kwenye faili la WAV, bila kusafishwa chochote. Nakala ya kusikiliza ndiyo ya MP3, na ndiyo inayoruhusiwa kupunguzwa mivumo. Saa moja inachukua takriban gigabaiti 2, hivyo diski ya terabaiti 4 hubeba kama saa 1,900. Ziwe nakala tatu, mojawapo nje ya mji: ya Arusha ikae Moshi, ya Moshi ikae Arusha. Flashi na CD za kuchoma si hifadhi. Wengi walihamishia kaseti kwenye CD miaka ya 2000, wakatupa kaseti, na leo CD hazisomeki. Kaseti ingekuwepo, tungeicheza.

Karatasi ya kasha inapigwa picha pande zote, hata ikiwa imeandikwa kwa kalamu ya risasi "mix ya Krismasi". Mwenye kanda anaulizwa ilirekodiwa wapi na nani anaimba, majibu yanaandikwa kwa maneno yake. Kanda ya saa moja huchezwa kwa saa moja, hakuna njia ya mkato, na matayarisho yake huchukua saa nyingine au zaidi. Kwa hesabu yetu fundi mmoja makini atamaliza kanda nne kwa siku ya kazi, yaani zisizozidi elfu moja kwa mwaka. Ndiyo maana mwaka mmoja wa kuchelewa ni mwingi. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, walitoa tahadhari kwa dunia kwamba ifikapo karibu mwaka 2025 mashine na vipuri vya kanda vitakuwa vimeadimika kiasi cha kufanya kazi hii iwe ngumu mno. Mwaka huo umeshafika. Mafundi wenye masikio ya kazi hii katika miji yetu miwili wamezeeka, na hakuna kijana aliyekaa pembeni yao. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vingeweza kuwaletea wanafunzi wawili wawili kwa mafunzo ya vitendo.

Kuhusu haki, msimamo wetu ni mfupi. Chumba kihifadhi na kusikilizisha papo hapo. Hakiuzi, hakipandishi mtandaoni. Wenye nyimbo au warithi wao wakipatikana, ofisi ya hakimiliki, COSOTA, iwasaidie kuandikisha, na wao waamue kama zitiririshwe. Wapo warithi ambao hawana hata nakala moja ya kazi ya baba yao.

Wanaosema hifadhi ya namna hii haiwezekani huku kwetu watazame Lakilaki, kilomita chache nje ya jiji, ambako Umoja wa Mataifa umejenga hifadhi ya kumbukumbu za mahakama ya kimataifa ya jinai kuhusu Rwanda, zikiwemo rekodi za sauti na picha. Hali ya hewa ni ileile ya Arumeru. Hatuombi jengo kama lile, tunaomba uongozi wa chumba chetu upelekwe kule siku mbili kujifunza.

Chumba kikisubiri bajeti, lipo ambalo halina gharama na linaweza kufanyika wiki hii: waraka kwa halmashauri, shule, vyuo, na ombi kwa viongozi wa dini, kwamba kanda na santuri yoyote isitupwe wala kuuzwa kwa kilo hadi iorodheshwe. Waraka huo uwaeleze wananchi wazihifadhi zikiwa zimesimama wima, kwenye kabati la chumba cha ndani, juu ya sakafu, mbali na bati, dirisha na spika. Vumbi la Arusha la kiangazi na unyevu wa masika vyote huingia kwenye boksi la karatasi. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko ni bora kuliko boksi, mradi ifungwe siku kavu.

Na mkitaka kutupima kabla ya kuamua, kila ofisi iliyotajwa juu ituletee kaseti kumi kutoka majumbani mwa watumishi wake, zikiwemo zile zinazodhaniwa kuwa zimekufa. Tutazifungua mbele yenu, tutazicheza, na tutawakabidhi mafaili pamoja na kaseti zenyewe. Tunahitaji meza mbili, umeme usiokatika na siku tatu za kazi kwa kila kumi.

Wenu katika kazi,

Mafundi wa redio na watunzaji wa kanda na santuri,
Arusha na Moshi

Nakala: Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA), Maofisa Utamaduni wa mikoa ya Arusha na Kilimanjaro.